Mshono Umefunga, Ndani Bado

Siku ya saba au ya kumi baada ya kujifungua kwa upasuaji, mama hurudi hospitali kutolewa nyuzi. Muuguzi huutazama mshono, huupapasa pembeni, kisha humwambia umekauka vizuri. Mama huondoka na neno moja: nimepona. Jioni ile ile ndoo ya maji iko kichwani na mtoto mkubwa yuko kiunoni. Aliloambiwa si uongo, ila linahusu ngozi tu. Ngozi hutangulia kufunga kuliko tabaka zote zilizokatwa, na ndiyo yenye kazi ndogo kuliko zote katika kulishika tumbo. Zilizo chini yake, ambazo jicho la muuguzi halizifikii, bado zina kazi ya wiki na miezi.

Tuanze na njia anayopita daktari mpaka amfikie mtoto. Kwanza ni ngozi, nayo ina sehemu mbili: ya juu, nyembamba na isiyo na mishipa ya damu, na ya ndani, nene na ngumu, yenye mishipa, neva na mizizi ya nywele. Chini yake kuna mafuta. Chini ya mafuta kuna utando mweupe mgumu unaofunika misuli ya tumbo. Madaktari huuita fashia, na ndio unaoyazuia matumbo yasisukumwe nje mtu anapokohoa au kunyanyua mzigo. Misuli yenyewe kwa kawaida haikatwi, hutenganishwa katikati na kuvutwa pembeni. Kisha huja utando laini unaozunguka viungo vya tumbo, na mwisho ukuta wa mfuko wa uzazi, ambao karibu wote ni msuli. Kila tabaka hupona kwa mwendo wake.

Hata mwelekeo wa mkato una maana. Mwaka 1861 Karl Langer, mwanaanatomia wa Vienna, alichoma maiti kwa kifaa cha duara na kuona kwamba matundu hayakubaki duara, yalivutika yakawa mipasuko, na mipasuko hiyo ilielekea upande mmoja kutegemea sehemu ya mwili. Ngozi ina mvuto wake. Chini ya kitovu mvuto huo umelala, kutoka nyonga hadi nyonga. Mkato wa kulala ulioelezwa na Mjerumani Hermann Johannes Pfannenstiel mwaka 1900 unafuata mvuto huo, kwa hiyo kingo zake hazivutwi mbali. Mkato wa wima unaukata mvuto, ndiyo maana kovu lake mara nyingi huwa pana zaidi.

Kisu kikishapita, mwili hauchelewi. Mishipa midogo iliyokatika hujikaza, chembe sahani, zile chembe ndogo za damu zinazosaidia kugandisha, hunatana kwenye midomo yake, na damu iliyomwagika huganda kuwa wavu wa nyuzi za protini iitwayo faibrini. Wavu huo ni zaidi ya kizibo: chembe sahani zilizonasa humo hutoa kemikali zinazoita chembe nyingine zije, na zile zinazokuja hutambaa juu ya wavu huohuo. Wakati huo, kwenye kingo mbili zilizoshonwa pamoja, chembe za ngozi ya juu huachana na jirani zao na kuanza kusogea kuelekea ng'ambo. Kwa kuwa daktari amezikutanisha kingo, safari ni fupi, na ndani ya saa 24 hadi 48 zimeshagusana. Ndiyo sababu bandeji ya kwanza huachwa kwa siku kama mbili, na baada ya hapo mama huruhusiwa kuoga maji yakapita juu ya mshono. Kwa juu pamezibika. Ila kilichoziba hakifiki hata nusu milimita kwa unene.

Siku zinazofuata mshono huuma, huvimba na huwa na joto. Wengi huiogopa hatua hii na kutaka kuizima haraka, lakini bila yake hakuna kupona. Chembe nyeupe za damu zinafika kwa mafungu. Kwanza ni nyutrofili, zinazoua bakteria na kufa kwa wingi palepale. Baada ya siku mbili tatu huja makrofaji, zinazokula mabaki ya nyutrofili, damu iliyoganda na chembe zilizokufa, kisha hutoa kemikali za kuanzisha ujenzi. Makrofaji zisipofika, au zikichelewa, kidonda hubaki pale pale, na hilo ni mojawapo ya mambo yanayowatesa wenye kisukari: sukari ikiwa juu, chembe hizi hufanya kazi kwa uzito na mishipa midogo haipeleki oksijeni ya kutosha.

Mroma Aulus Cornelius Celsus, aliyeishi karne ya kwanza, aliandika dalili nne za hali hii: wekundu, uvimbe, joto na maumivu. Zinakaririwa vyuoni hadi leo, na hapo pana jambo linalonikera. Wekundu unaonekana wazi kwenye ngozi nyeupe. Kwenye ngozi yetu, eneo lenye shida huweza kuonekana jeusi zaidi, la zambarau, au linalong'aa kwa kuvutika, na mama anayeambiwa "angalia kama pamekuwa pekundu" anaweza kukaa na maambukizi siku tatu akisubiri rangi isiyokuja. Tumia mkono. Pitisha mgongo wa kiganja, ulionawa na kukauka, sentimita chache pembeni mwa mshono, halafu upande wa pili wa tumbo, ulinganishe joto. Bonyeza kidogo usikie kama pamekuwa pagumu kuliko jana.

Kinachotofautisha uvimbe wa kupona na uvimbe wa maambukizi ni mwelekeo wake. Wa kupona hupungua kila siku kuanzia siku ya tatu au ya nne. Wa maambukizi hurudi baada ya kuwa umeanza kupungua, mara nyingi kati ya siku ya nne na ya kumi, ukifuatana na homa, harufu, usaha au kingo kuachia. Shirika la Afya Duniani huhesabu maambukizi ya kidonda cha upasuaji kama huu hadi siku ya 30, kwa hiyo mama aliyetolewa nyuzi hajatoka kwenye kipindi hicho. Dalili moja haisemwi vya kutosha: majimaji mengi yenye wekundu hafifu yanayobubujika ghafla kwenye mshono uliokuwa mkavu, mara nyingi ndani ya wiki mbili za mwanzo. Huenda ni maji yaliyokusanyika kwenye mafuta, lakini huenda pia ni fashia imeachia huku ngozi juu yake bado imefunga. Hilo ni la kwenda hospitali saa hiyo hiyo.

Na tafadhali, unga wa kapsuli za antibayotiki, zile wengi wanazoita rangi mbili, usinyunyizwe kwenye mshono. Unga huo hauingii kwenye tabaka zinazoambukizwa chini, hukauka juu ukawa gamba linaloficha usaha, na huwapa bakteria nafasi ya kuizoea dawa. Majivu, dawa ya meno na spiriti ni hivyo hivyo, spiriti ikiwa na ubaya wa ziada wa kuua chembe changa zilizokuwa zikitambaa. Hata ile imani kwamba kidonda kikiachwa wazi kikauke hupona haraka ilipimwa zamani. Mwaka 1962 George Winter alichapisha matokeo ya vidonda vya juujuu alivyovifanya kwa nguruwe: vilivyofunikwa kwa karatasi nyembamba ya plastiki, vikabaki na unyevu wake, viliota ngozi mpya kwa kasi inayokaribia mara mbili ya vile vilivyoachwa hewani. Chembe husogea kwenye unyevu; kwenye gamba kavu hulazimika kuchimba njia chini yake. Kwa mshono uliofunga hili halina uzito, lakini sehemu ikiachia na kuwa wazi, kifunike kwa bandeji safi kama utakavyoelekezwa kliniki, usikianike.

Kuanzia siku ya nne au ya tano ujenzi unashika kasi. Mishipa mipya ya damu huchipua kuingia kwenye pengo. Chembe ziitwazo fibroblasti huhamia humo na kuanza kutengeneza kolajeni, protini ya nyuzi nyuzi ambayo ndiyo nguvu ya ngozi, fashia na kano. Lakini kolajeni ya kwanza ni ya haraka haraka, nyembamba, iliyotupwa bila mpangilio. Ile imara, yenye nyuzi nene zilizofungamana, inaibadilisha taratibu kwa miezi mingi. Mwaka 1965 Stanley Levenson na wenzake walipima nguvu ya vidonda vya ngozi ya panya kwa kuvivuta mpaka vikatike. Baada ya wiki moja kidonda kilikuwa na asilimia 3 tu ya nguvu ya ngozi nzima. Baada ya wiki tatu, asilimia 20. Baada ya miezi mitatu, kama asilimia 80, na hapo ndipo kilipoishia. Kovu halikurudi kuwa asilimia 100 ya ngozi ya awali. Binadamu si panya, lakini mpangilio wa kupanda polepole hivyo ndio unaotumika kufundishia madaktari.

Sasa weka pembeni ya namba hizo nguvu ya uzi. Uzi unaoyeyuka ambao hutumika sana kushonea tabaka za ndani, Vicryl, hubaki na takriban robo tatu ya nguvu yake baada ya wiki mbili, nusu baada ya wiki tatu, na robo baada ya wiki nne. Yaani wakati mama anaanza kujisikia vizuri, maumivu yamepungua, mshono wa nje hauonekani tena kuwa kidonda, ndani uzi unaachia mzigo na nyama mpya bado haijauweza. Wiki ya tatu na ya nne ni wiki za hatari ambazo hakuna anayezihisi. Ni kama ukuta wa udongo uliokandikwa juzi: uso umekauka, ukiugusa hauchafui kidole, lakini ukiuegemeza boriti unaingia ndani. Fashia ikiachia polepole katika kipindi hiki, tatizo halionekani siku hiyo. Huja miezi au miaka baadaye kama uvimbe unaojitokeza kwenye kovu mama anapokohoa, nao unaitwa ngiri ya kovu, na dawa yake mara nyingi ni upasuaji mwingine.

Kwamba nje panaweza kufunga ndani pakiwa patupu, kuna daktari aliyelithibitisha kwenye mgongo wake mwenyewe. John Crandon, daktari wa upasuaji kijana wa Boston, aliamua mwishoni mwa miaka ya 1930 kula chakula kisicho na vitamini C hata kidogo. Baada ya miezi mitatu alikatwa mgongoni, na kidonda kikapona kawaida. Akaendelea. Baada ya miezi sita akakatwa tena. Safari hii ngozi ilifunga juu, lakini sampuli iliyochukuliwa ilionyesha kwamba chini yake hapakuwa na nyama mpya: palijaa damu iliyoganda tu. Alipopewa vitamini C, kidonda kikajijenga ndani ya siku chache. Sababu yake inajulikana: bila vitamini C, fibroblasti hutoa kolajeni isiyoweza kusokotwa ikawa imara. Mabaharia wa karne ya 18 waliougua kwa kukosa matunda na mboga kwa miezi waliripotiwa kufumuka makovu ya zamani, kwa sababu hata kovu lililokomaa linaendelea kubomolewa na kujengwa upya.

Kwa hiyo sahani ya mzazi ni sehemu ya matibabu. Mtori wenye nyama, supu ya samaki, maharage, mayai, maziwa, vyote hivyo vinaleta protini ya kujengea. Ila supu iliyochemka saa nzima imepoteza sehemu kubwa ya vitamini C, basi mletee na pera, chungwa, papai au ubuyu. Pera moja lina vitamini hiyo nyingi kuliko chungwa.

Desturi ya arobaini ninaiheshimu sana nikizitazama namba hizi. Siku arobaini ni karibu wiki sita, na wiki sita ndizo ambazo hospitali nyingi humwekea mama kabla ya kurudia kazi nzito. Bibi zetu hawakuwa na mashine ya kuvuta ngozi ya panya, lakini walimzuia mzazi asibebe, asifue, asichote maji, wakamfunga mkaja, wakamletea chakula kitandani. Wala faida yake haiishii kwenye mzigo. Mwaka 1995 watafiti wa Ohio, Marekani, waliwatoboa kidonda kidogo mkononi watu wanaouguza ndugu wenye maradhi ya kusahau, wakawalinganisha na wenzao wa umri huo wasio na mzigo huo. Kidonda cha wauguzaji kilichukua wastani wa siku tisa zaidi kupona. Uchovu na wasiwasi vinazipunguzia kasi chembe zilezile zinazoanzisha ujenzi. Mama anayepata usingizi wa saa tatu tu kila usiku huku akisemwa kwamba "kujifungua kwa kisu si kujifungua" anaumizwa hadi kwenye mshono.

Sehemu moja ya desturi lakini haimfai aliyepasuliwa, nayo ni kukandwa tumbo kwa maji ya moto. Najua inafanywa kwa mapenzi. Mkono unaokanda huisukuma fashia iliyoshikwa na uzi tu, na huukandamiza mfuko wa uzazi wenye mshono. Kitambaa chenye maji hulainisha ngozi changa mpaka ikaachia. Halafu kuna hili ambalo wakandaji wengi hawalifahamu: neva ndogo za ngozi zimekatwa, na eneo la juu ya mshono lina ganzi. Mzazi hasikii joto kama anavyolisikia mgongoni, na anaweza kubabuka huku akisema bado maji hayajawa moto. Mkandeni miguu, mgongo na mabega, tumbo liachwe. Neva huota tena taratibu mno, kama milimita moja kwa siku, kwa hiyo ganzi, mchomo wa ghafla na mwasho kwa miezi kadhaa si dalili mbaya.

Mfuko wa uzazi una habari yake peke yake, maana unapona huku unasinyaa. Mara baada ya kujifungua una uzito wa takriban kilo moja. Baada ya wiki sita haufiki gramu mia moja. Kusinyaa huko hufunga mishipa na kukutanisha kingo za kidonda, na kulifahamika katika eneo letu kabla ya hospitali. Mwaka 1879 Mwingereza Robert Felkin alishuhudia upasuaji wa uzazi huko Kahura, Bunyoro, katika Uganda ya leo, na akauandika mwaka 1884. Mganga aliosha mikono yake na tumbo la mwanamke kwa pombe ya ndizi, akakata, akamtoa mtoto, kisha akaubinya mfuko wa uzazi mpaka ukajikaza. Hakuushona. Tumbo alilifunga kwa pini saba nyembamba za chuma zilizozungushiwa uzi wa gome la mti, akapaka dawa ya mizizi na kufunika kwa jani la mgomba. Pini zilitolewa kidogo kidogo, za mwisho siku ya sita, na siku ya kumi na moja Felkin aliandika kwamba kidonda kimepona kabisa.

Ni ustadi wa kustaajabisha, na wakati huo madaktari wa Ulaya nao kwa kawaida hawakuwa wakiushona mfuko wa uzazi. Max Sänger wa Leipzig ndiye aliyewasukuma kufanya hivyo kuanzia 1882. Lakini alichokiona Felkin siku ya kumi na moja kilikuwa ngozi. Kusinyaa husimamisha damu, ila kingo za msuli zisiposhonwa huungana kwa kovu jembamba, na kovu la mfuko wa uzazi halijaribiwi siku ya kumi na moja. Linajaribiwa kwenye mimba inayofuata.

Nje, mwaka mzima kovu linaendelea kubadilika. Huwa gumu na la kuinuka kwa miezi mitatu au minne ya kwanza, kisha hulainika na kufifia. Likibaki limevimba ndani ya mipaka ya mkato, mara nyingi hutulia lenyewe baada ya mwaka au zaidi. Likivuka mipaka na kuvamia ngozi nzima pembeni, hilo ni keloidi, nayo hutupata sisi wenye asili ya Afrika zaidi, na hutembea katika ukoo. Hupenda kifua, mabega, masikio na taya, lakini mshono wa tumbo haujasalimika. Kulikata tu keloidi ni kuuanzisha ugonjwa upya, kwa sababu kidonda kipya kinapokea amri ile ile ya kujenga bila kikomo. Mara nyingi hurudi, wakati mwingine kubwa kuliko la kwanza. Matibabu huanza kwa sindano za triamsinoloni, dawa ya kupunguza uvimbe wa kovu, ndani ya kovu lenyewe, zinazorudiwa kila baada ya wiki kadhaa, na ukataji ukifanywa huambatana na tiba nyingine. Mwenye keloidi sikioni amwambie daktari kabla ya upasuaji wowote. Ajabu ni kwamba mtoto aliye tumboni, kabla ya kama wiki ya 24, akijeruhiwa ngozi yake hupona bila kovu lolote. Uwezo huo tunauacha humo humo.

Ndani pia kuna makovu yasiyoonekana. Tabaka zinazopona zikiwa zimegusana hushikamana: kibofu na mfuko wa uzazi, matumbo na ukuta wa tumbo. Wengi hawahisi kitu, wengine hupata maumivu ya kuvuta, na kila upasuaji unaorudiwa huwa mgumu kuliko uliotangulia kwa sababu daktari analazimika kuziachanisha kwanza. Kuamka na kutembea polepole kuanzia siku ya kwanza au ya pili kunasaidia matumbo kufanya kazi na kuzuia damu kuganda miguuni. Kutembea si mzigo, na arobaini haikukusudiwa kuwa ya kulala siku nzima.

Kuhusu mimba inayofuata, Shirika la Afya Duniani linashauri mama yeyote aliyejifungua salama asubiri angalau miezi 24 kabla ya kushika mimba nyingine, na kwa aliyepasuliwa ushauri huo una uzito zaidi. Kovu la mfuko wa uzazi huendelea kukomaa kwa nusu mwaka hivi, na mimba ikija mapema mno hatari ya kovu hilo kupasuka wakati wa uchungu huongezeka. Mwenye kovu moja la kulala lililo sehemu ya chini ya mfuko anaweza kujaribu kujifungua kawaida katika hospitali yenye chumba cha upasuaji. Kupasuka hutokea kwa chini ya mmoja kati ya mia. Mwenye kovu la wima sehemu ya juu ya mfuko haruhusiwi kujaribu, maana hatari yake ni mara kadhaa zaidi. Tatizo ni kwamba kovu la ngozi halisemi lolote kuhusu kovu la ndani: tumbo laweza kuwa na mkato wa kulala na mfuko wa uzazi ukawa na wa wima, au kinyume chake. Kabla hujaruhusiwa kutoka wodini, mwombe daktari aandike kwenye kadi yako mfuko ulikatwa vipi na kwa sababu gani, na kadi hiyo uiweke mahali ambapo na ndugu yako anaweza kuipata usiku.